Kabla hujanunua hita: mwongozo kwa nyumba za Mtwara, Mikindani na Newala

Mtu wa Shangani akikwambia anatafuta hita, na mtu wa Newala akakwambia hivyo hivyo, hawatafuti kitu kimoja. Wa Shangani yuko pwani, na joto ndilo linalomsumbua sehemu kubwa ya mwaka. Kusi likivuma mwezi wa 6, ndipo mtoto anayewahi shule anapolia akimwagiwa maji ya alfajiri, na mzee mwenye maumivu ya viungo hataki hata kuyagusa. Wa Newala yuko juu kwenye uwanda wa Makonde. Kwake kuna ukungu wa asubuhi na baridi ya kweli, na maji yenyewe mara nyingi yako kwenye dumu, si kwenye bomba.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Mara nyingi naitwa hita ikiwa imeshanunuliwa, iko kwenye boksi mezani, na kazi yangu inakuwa kumwambia mwenye nyumba kwamba haimfai. Pesa ya korosho imeshaingia humo, dukani hawairudishi. Ndiyo maana nakuomba uanze na maji yako, LUKU yako na nyaya zako. Duka liwe la mwisho.

Hita ya chumba tuimalize mapema. Ukikaa Mtwara mjini, Mikindani au Lindi mjini, usinunue. Kwa Newala inaweza kuwa na maana kwenye chumba cha mzazi aliyejifungua au cha mgonjwa, na hapo chukua ile ya mafuta yenye mapezi, inayopata moto taratibu na isiyo na waya mwekundu unaoonekana. Ya wati 1,500 ikiwaka mfululizo saa tatu inakula uniti 4 na nusu, kwa hiyo funga dirisha, ongeza blanketi, na uiwashe saa moja kabla ya kulala tu. Jiko la mkaa usiliingize chumbani mkafunga mlango. Gesi yake haina harufu, na watu hulala wasiamke.

Sasa maji ya kuoga, ambayo ndiyo hasa yanayowahangaisha watu.

Hatua ya kwanza: hesabu ndoo zako

Kaa na familia, uliza kila mtu anaoga maji kiasi gani. Usikadirie kwa macho. Tumia ndoo ya lita 20 ambayo kila nyumba inayo. Mtoto anaoga robo ndoo, mtu mzima anayeoga kwa kopo anatosheka na nusu, na vijana wengi wanamaliza nzima.

Kupasha lita moja ya maji kwa digrii moja kunahitaji kilojuli 4.2, na uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600. Maji ya pwani yakiwa na digrii 25, nawe unataka ya kuogea ya digrii 40, ndoo nzima itakula uniti 0.35. Kwa Newala, maji yakiwa yamelala nje hadi digrii 18, ndoo hiyo hiyo inafika nusu uniti.

Hesabu hii haibadiliki kwa sababu ya jina la hita. Koili ya kuchovya kwenye ndoo, jagi la umeme la kuchemshia, shawa ya umeme, hita ya tanki la ukutani, vyote vinageuza umeme kuwa joto kwa kiwango kilekile, karibu wote. Muuzaji akikwambia hita yake ya wati nyingi "inapasha kwa umeme kidogo", anachoweza kusema kwa haki ni kwamba inapasha haraka. Tofauti ya matumizi inatoka kwenye mambo mawili: unamwaga maji kiasi gani, na maji ya moto yanakaa muda gani yakipoa bila mtu kuyatumia.

Kisha geuza uniti kuwa pesa. Chukua ujumbe wako wa mwisho wa LUKU, toa kodi ya jengo kama imekatwa humo, gawa kiasi kilichobaki kwa idadi ya uniti. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mwenye T1, laini ya matumizi ya kawaida, uniti yake ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, na vyote vikijumlishwa inakuwa kama 356. Mwenye D1, ile tunayoiita laini ya uniti 75, ni 100, na kwa jumla kama 122. Kwa hiyo ndoo moja ya pwani ni shilingi kama 125 kwa wa kwanza na kama 43 kwa wa pili.

Wa D1 asifurahi upesi. Watu watano wakioga ndoo nzima ya moto kila siku, kwa mwezi ni uniti 52 na kidogo. Umebakiwa na uniti 22 za taa, friji, pasi na televisheni. Ukivuka 75, uniti za ziada zinapanda hadi shilingi 350 kabla ya kodi. Familia hiyo ikishuka hadi nusu ndoo kwa kila mtu, inatumia uniti 26 na inabaki salama. Hiyo ndiyo sababu nasema hesabu ndoo kwanza.

Na kama una tanki la plastiki jeusi juu ya mnara, jaribu jambo moja kabla hujatumia hata senti. Siku tatu mfululizo fungua bomba saa 11 jioni. Pwani, tanki lililopigwa jua mchana kutwa mara nyingi linatoa maji ya uvuguvugu yanayotosha kabisa. Wanaoweza kuoga jioni waoge jioni, na hita ibaki kwa wa alfajiri.

Hatua ya pili: yajue maji yako

Mambo mawili hapa: msukumo na chumvi.

Msukumo ni wa shawa. Shawa ya umeme ina swichi ndani inayosubiri maji yaisukume ndipo iwake. Tanki lako likiwa limekaa usawa wa dari, maji yatatiririka kiunyonge na shawa itawaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Sehemu ya chini ya tanki iwe angalau mita moja na nusu hadi mbili juu ya shawa, au usome kwenye boksi msukumo wa chini unaotakiwa. Nyumba inayooga kwa maji ya madumu, kama zilivyo nyingi za uwanda wa Makonde ambako maji yanasukumwa kutoka bondeni, isihangaike na shawa wala tanki la ukutani. Nenda moja kwa moja kwenye jagi.

Chumvi ni ya wote wanaotumia kisima, hasa karibu na bahari. Sabuni ikikataa kutoa povu na sufuria ya chai ikiota ukoko mweupe, maji yako ni magumu. Ukionja ukasikia chumvi, ni ya chumvi. Shawa nyingi za bei nafuu zina koili wazi inayogusana na maji moja kwa moja. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo umeme unavuja kupitia maji yenyewe. Mtu anasimama chini ya shawa na kusikia "inamchoma choma". Kwa maji ya namna hii tafuta shawa iliyoandikwa wazi kwamba ni ya maji ya chumvi, yaani koili yake imefunikwa. Usikubali kuambiwa kwamba zote ni sawa.

Hatua ya tatu: fuata waya hadi kwenye mita

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nyumba zinapoungua.

Niliitwa nyumba moja Mikindani, hatua chache kutoka ufukweni. Mama mwenye nyumba hakuniita kwa ajili ya hita. Aliniita kwa sababu taa ya korido ilikuwa inafifia. Nilipoingia tu nikasikia harufu ya samaki.

"Hata sisi tumeisikia, fundi," akasema. "Tumesogeza jiko, tumesogeza kabati, huyo samaki hatumwoni."

Plastiki ya vifaa vya umeme ikizidiwa na moto hutoa harufu kama ya samaki aliyeharibika, na katika nyumba ya pwani nani angeitilia shaka? Nikafungua swichi ya shawa nje ya bafu. Waya uliokuwa umepeleka umeme kwenye shawa ya wati 4,500 ulikuwa wa milimita 1.5, ule wa taa. Ngozi yake ilikuwa imekauka ikawa kahawia, ikikatika kwenye vidole kama ganda la karanga. Konekta ilikuwa imeyeyuka ikashikana na skrubu. Wiki chache zaidi, na ningekuwa naitwa kuangalia majivu. Watoto wawili walikuwa wanalala chumba cha pili.

Kwa hiyo hesabu ampea kabla ya kununua. Gawa wati kwa 230, ambayo ndiyo volti yetu. Koili au hita ya tanki ya wati 1,500 ni ampea 6 na nusu. Jagi la wati 2,000 ni karibu 9. Shawa ya 3,500 ni 15, ya 4,500 ni karibu 20, ya 5,500 ni 24.

Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba ina fyuzi ya ampea 13, basi. Chochote kinachozidi hapo hakichomekwi kwenye soketi, kinataka laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka. Kwa shawa mimi sishuki chini ya waya wa milimita 4 na breka ya ampea 32 au chini yake kidogo, na njia ikiwa ndefu napanda milimita 6. Swichi yake iwe ya mistari miwili, inayokata waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja, na iwe nje ya bafu.

Halafu ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Mchanga mkavu wa pwani haupitishi umeme vizuri, na chumvi ya hewani inakula viungo vya fimbo ya ethi vikaota kutu. Nyumba inaweza kuwa na waya wa kijani na njano kila mahali na bado isiwe na ethi ya maana. Mwambie fundi aipime kwa kipimo. Tesita ya kalamu haipimi ethi. Na kwenye boksi la breka muwe na RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme mara unapovuja kuelekea mwilini au ardhini. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi. Kama pesa yako inatosha kitu kimoja tu kati ya shawa nzuri na RCD, nunua RCD, uoge kwa jagi hadi mwakani.

Jambo la mwisho kuhusu umeme wetu: volti inashuka. Saa 1 hadi saa 4 usiku, mtaa mzima ukiwasha, unaweza kupima 190 badala ya 230. Nguvu ya hita haishuki kidogo kama volti ilivyoshuka. Inashuka kwa mraba wake. Kwa volti 190 shawa ya 4,500 inafanya kazi kama ya wati 3,070. Wengi hudhani shawa imeharibika, wakanunua kubwa zaidi na kuzidisha mzigo kwenye nyaya zilezile. Punguza maji kwenye koki, yatapata moto.

Hatua ya nne: chagua kati ya aina nne

Koili ya kuchovya ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Ya wati 1,500 inapasha ndoo ya pwani kwa dakika kama 14. Nilipanda Newala mwaka mmoja kufunga taa, bibi mmoja akaniita uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone kitu chenu hiki kilivyonilia ndoo."

Ukingo wa ndoo ulikuwa umeyeyuka ukainama kama mdomo wa birika, mahali koili ilipoegemea. Nikamuuliza anajuaje kwamba maji yamepata moto. Akanyoosha kidole, akakichovya hewani, akanionyesha. Umeme ukiwa umewashwa. Kila asubuhi.

Kama huna budi kutumia koili, fuata mpangilio huu na usiubadilishe hata siku moja. Ndoo iwe ya plastiki, kamwe isiwe ya bati wala sufuria. Pitisha kijiti juu ya ndoo, ning'iniza koili katikati isiguse ukingo wala kitako. Weka maji kwanza, ndipo uchomeke, ndipo uwashe. Kutoa: zima, chomoa plagi, subiri dakika moja, toa koili, ndipo mkono uguse maji. Usiichomeke bafuni, na mtoto asiachwe nayo hata kwa muda wa kufungua mlango.

Bibi yule nilimshauri ahamie kwenye jagi la umeme, na ndilo ninalowashauri watu wengi wa mkoa huu. Watu hulidharau kwa sababu ni dogo. Angalia hesabu: lita 4 za maji yanayochemka ukizichanganya na lita 16 za digrii 25, unapata lita 20 za digrii 40 kamili. Majagi mawili ya lita 2, ndoo imejaa. La wati 2,000 linachemsha kwa dakika sita hivi, kwa hiyo ndoo ni dakika 12, sawa na koili au chini yake, na lenyewe linajizima. Umeme wake haukutani na mtu anayeoga. Linafanya kazi maji yakiwa ya bomba, ya mvua au ya dumu. Asubuhi linachemsha chai. Hatari yake ni moja tu, kuungua: tia maji ya baridi kwenye ndoo kwanza, ya moto yafuate, na ndoo ya mtoto uichanganye kabla hajaingia bafuni.

Shawa ya umeme inafaa nyumba yenye maji ya bomba yenye msukumo, watu wengi wanaooga kwa kupokezana, na nyaya nilizoeleza. Haihifadhi maji, kwa hiyo haipotezi joto. Angalia tu utapata maji kiasi gani: kwa kuongeza digrii 15, ya wati 3,500 inatoa lita 3.3 kwa dakika, ya 5,500 inatoa lita 5.2. Kwa pwani ya 3,500 inatosha, wala huna sababu ya kununua kubwa. Kwa Newala, ukitaka kuongeza digrii 22, ya 3,500 inashuka hadi lita 2.3 kwa dakika, ambazo ni matone. Hapo chukua 5,500. Dakika kumi chini ya shawa ya 4,500 ni uniti 0.75, zaidi ya ndoo mbili za jagi. Anayeoga huku anaimba atalipa.

Hita ya tanki, ile ya ukutani ya lita 30, 50 au 80, inavutia kwa sababu ya wati 1,500 tu. Haizidi uwezo wa nyaya za kawaida na volti ikishuka inachukua muda mrefu zaidi basi. Ya lita 50 inapanda kutoka digrii 25 hadi 60 kwa saa moja na dakika 20, kwa uniti 2. Ukichanganya maji hayo na ya baridi unapata lita kama 115 za kuogea, karibu ndoo sita. Inafaa familia kubwa inayooga kwa wakati mmoja, au nyumba ya wageni. Ila ikiachwa imewaka usiku na mchana, joto linalotoroka ukutani peke yake linaweza kufika karibu uniti moja kwa siku. Iwashe saa moja na nusu kabla, izime. Weka digrii 60, usishushe 40 kwa kubana matumizi, maana maji ya vuguvugu yanayokaa kwenye tanki yanafuga bakteria. Vali ya usalama isizibwe hata ikidondosha matone. Inapunguza msukumo usipasue tanki. Ndani kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tanki. Kwa maji ya chumvi ikaguliwe kila mwaka, la sivyo tanki ndilo litakaloliwa.

Hatua ya tano: dukani

Usisome boksi, soma kibandiko kilichoko kwenye hita yenyewe. Volti iandikwe 220 hadi 240. Shawa nyingine hutengenezwa kwa nchi za volti 127, na kwetu zinaungua siku ya kwanza. Wati ziandikwe. Ya bafuni iwe na alama ya IPX4 au zaidi, maana yake haidhuriwi na maji yanayorushwa. Tafuta nembo ya TBS. Kwa koili na jagi, shika waya: ukiwa mwembamba kama wa chaja ya simu, rudisha. Legeza plagi, utazame kama ina fyuzi ya kweli ndani. Omba iwashwe mbele yako, isipokuwa shawa, koili na hita ya tanki, ambazo zikiwaka kavu zinaungua. Dai risiti ya EFD na muda wa dhamana uandikwe juu yake.

Hatua ya sita: siku ya kwanza

Fundi akimaliza, asiondoke kabla ya haya. Maji yapite kwanza kwenye shawa au tanki lijae hadi bomba la moto litoe maji bila kukohoa, ndipo umeme uwashwe. Bonyeza kitufe cha RCD. Isipokata, kazi haijaisha. Acha hita iwake dakika 15, zima, kisha gusa kifuniko cha swichi au plagi kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa moto kiasi cha kuondoa mkono, kuna kiungo kimelegea au waya mdogo, na fundi aifungue tena papo hapo.

Jioni ile, kabla ya mtu wa kwanza kuoga, andika uniti zilizobaki kwenye mita. Zima pasi na jiko la umeme, wote waoge, kisha andika tena. Linganisha na hesabu ya ndoo uliyofanya mwanzo. Ikizidi mara mbili, ama kuna mtu anayeoga muda mrefu kuliko alivyosema, ama kuna umeme unaovuja. Anza kwa kumuuliza mtu. Ikiwa si yeye, zima breka ya hita na uniite.